Kupanda Ndago kwa Makusudi

Zaituni na Bosco, mlioachiwa bustani yangu (nasema yangu kwa mazoea, chuo kinajua ni ya nani), siku ile ya kuniaga mliniomba niwaandikie ninayoyajua kuhusu ndago za mapambo. Wewe Bosco ulisema, "Bi mkubwa, tupe madini." Hii ni wiki ya tatu niko nyumbani. Vyombo vyote nimevipanga upya, mume wangu nimemchosha kwa ushauri ambao hakuuomba, na jana aliniuliza kwa upole kama sina jambo la kuandika. Basi kalamu ndiyo hii.

Nianze na aibu yenyewe. Ndago kila mtu wa Nachingwea anaijua, na hakuna anayeipenda. Unaipalilia leo, keshokutwa imechomoza imenyooka kana kwamba uliiamsha tu. Chini ina vikokwa vidogo vyeusi, na kila kikokwa utakachokiacha ardhini ni ndago ya mwakani. Mama yangu kule Naipingo alizeeka akipigana nazo kwenye ufuta. Siku nilipomweleza kwamba nimepata kazi chuoni, na kwamba kazi yenyewe ni kuotesha ndago, aliweka ungo chini.

"Somoe," akasema, "nimekulea uzing'oe, leo unakwenda kuzipanda?"

"Hizi ni za mapambo, mama."

"Na wanaokuajiri wamesoma?"

"Wamesoma sana."

"Ndiyo maana," akasema, akarudi kwenye ungo wake.

Nilikuwa na miaka ishirini na minane. Chuo chetu, kama mnavyojua, kiko kwenye zile nyumba za zamani zilizojengwa wakati wa mradi wa karanga. Karanga zilishindikana, nyumba zikabaki, na nyuma ya nyumba likabaki tangi kubwa la maji linalovuja hadi leo. Msilizibe. Bustani yote inaishi kwa uvujaji ule. Mafundi wamekuja mara nyingi kulirekebisha, na mara zote namshukuru Mungu kwamba hawakuwa mafundi hodari.

Msimamizi wa bustani alikuwa Mzee Mkwinda, mrefu, mwembamba, asiyeogopa nyoka wala mkuu wa chuo, ila alikuwa anaogopa vyura. Kwa mtu aliyechagua mimea ya majimaji, huo ulikuwa mtihani. Kila asubuhi aliniambia, "Somoe, tangulia ukaangalie kama maji yamefika kwenye mtaro." Natangulia, naangalia, narudi kumwambia yamefika. Ilinichukua miezi mitatu kugundua kwamba hakuwa na shida na maji. Alikuwa ananituma nikawafukuze vyura.

Siku ya kwanza nilimwuliza, "Maua yako wapi, mzee?"

"Unayatazama."

Nilikuwa natazama majani. Marefu, ya kijani kibichi, kila bua limesimama peke yake na juu yake majani yametandazwa kama mwavuli uliofunguliwa. Ilikuwa kiangazi. Nyasi za uwanjani zilishageuka rangi ya mkeka, na vumbi limekaa hadi kwenye kope za watu, lakini pale chini ya tangi palikuwa kijani tupu. Sikukiri kwamba ni pazuri. Nilisema, "Mbona ni ndago?"

Mzee Mkwinda akakata bua moja, akanipa. "Lizungushe kwenye vidole."

Nikalizungusha. Halikuzunguka vizuri, lilikuwa linakwama.

"Lina pembe," nikasema.

"Ngapi?"

"Tatu."

"Nyasi ni ya mviringo, ndago ina pembe. Sasa chimba uone chini."

Nikachimba. Nilikuta shina nene la chini, gumu, limelala kama tangawizi. Nikatafuta vikokwa, sikuona hata kimoja.

"Ukoo mmoja," akasema, "tabia mbalimbali. Kwenu hamna?"

Kwetu walikuwepo. Nikaanza kazi.

Mzee yule alinifundisha mengi, na mengine alinifundisha vibaya. Alishikilia kwamba mmea umwagiliwe saa saba mchana, maana ndipo una kiu. Tulibishana miaka sita. Alipostaafu nikahamishia umwagiliaji asubuhi, na alipokuja kutembea akaona zilivyonawiri, akasema, "Unaona faida ya kunisikiliza?"

Lile jambo la kuotesha kwa kichwa, ambalo mmelikuta likisifiwa kama utaalamu wa chuo, lilianza kwa uzembe wangu. Aliniambia nikate vichwa vilivyochoka nikavitupe. Nikavikata, nikavisimamisha kwenye ndoo yenye maji ya mvua, kichwa chini, bua juu, kwa sababu bua ni zuri la kushikia. Kisha nikaitwa msibani Naipingo, ndoo nikaisahau. Niliporudi baada ya wiki mbili na zaidi, nilikuta katikati ya kila mwavuli vimetoka vimizizi vyeupe na vichipukizi kama meno ya mtoto. Nikamwita mzee nikitegemea kugombezwa. Akainama, akatazama ndani kuhakikisha hamna chura, akasema, "Ndivyo nilivyotaka."

Tangu siku hiyo alikuwa anawafundisha wageni njia yake. Nami nilisimama pembeni nikitikisa kichwa kama mtu anayeisikia kwa mara ya kwanza. Ninyi fanyeni hivi: kata kichwa na kipande cha bua chenye urefu wa kidole, punguza majani yabaki nusu, laza kichwa chini kwenye maji, badilisha maji kila yanapoanza kunuka. Mkisahau msibani, ni sawa.

Kuhusu vifaa, mtaambiwa mnahitaji vingi. Mnahitaji kisu cha mkate. Jembe linaponda shina, panga linararua, lakini kisu chenye meno kinalipasua lile shina la chini taratibu, kila kipande kikabaki na mizizi yake. Cha kwangu nilikichukua jikoni kwa Mama Rehema, mpishi, nikidhani hatakiulizia. Alikiulizia kwa miaka kumi na moja. Siku aliyohama kikazi nilikwenda kumrudishia, akakitazama kilivyolika, akasema, "Baki nacho, mwizi wangu." Ndicho kile kilichofungwa kamba ya bluu, msumari wa pili stoo. Gawanyeni mvua zikishaanza. Vaeni glovu pia. Kingo za majani yale zinachanja vidole mikato midogo midogo, haitoi damu ya maana lakini ukigusa chumvi utamkumbuka kila uliyemkosea.

Ile ndogo yenye mistari, iliyo kwenye ubaraza, ina habari zake. Aliileta mwalimu mmoja wa kike aliyehamia kutoka Njombe, ndani ya kopo la maziwa. Majani yake membamba, yanalala kama nywele zilizochanwa, na kila jani lina mstari wa rangi ya maziwa. Huku kwetu jua likikaza hata kuku wanagombea kivuli, sembuse mgeni wa baridi ya Njombe. Nikaiweka ubaraza wa mashariki, inapata jua la asubuhi tu, na chini nikaitandikia maganda ya karanga kuhifadhi unyevu. Ikastawi hadi mkuu wa chuo wa wakati ule akaitamani, akaipeleka ofisini kwake, akaiweka chini ya feni. Baada ya mwezi akaniita. Kwenye chungu kulikuwa na ufagio.

"Somoe, ua lako lina ugonjwa."

Ulikuwa ugonjwa wa feni. Hilo nililisema moyoni. Mdomoni nilisema, "Nitaliangalia, mkuu." Nikalichambua, nikakuta mzizi mmoja hai, mmoja tu, na kutokana na ule mmoja ndiyo yote mnayoyaona leo. Kwa hiyo sikilizeni mapema: hii haipunguzwi kama nyasi. Nyasi ukiikata hadi chini inarudi. Hii ni ya kijani mwaka mzima, haina desturi ya kulala na kuamka. Ingiza vidole, vuta yaliyokauka, yaliyo hai yaache. Na akija mkuu mwingine anayependa maua, mpeni la plastiki.

Sasa nifike Malolo, kwa maana najua ndiko Zaituni unakoningoja.

Miaka michache iliyopita kijiji kimoja cha kata ya Malolo, wilaya ya Ruangwa, kiliomba chuo kiwasaidie. Walikuwa na chemchemi chini ya mteremko, ndiyo maji yao ya kunywa, na kila masika udongo wa juu ulikuwa unamiminikia humo. Kina mama walikuwa wanachota tope, wanalingoja litulie. Zaidi ya hayo, ng'ombe walikuwa wanakanyaga ukingo. Mkuu akasema, "Somoe, nenda kawapandie zile ndago zako zishike udongo." Nikafunga magunia mawili ya vipande vilivyoloweshwa, na chini yake vipande vya mafunjo mafupi. Dereva wa bodaboda alipoambiwa amebeba nini aliniuliza, "Mama, unapeleka magugu Ruangwa? Kwani kule yameisha?"

Nilifikia kwa Bi Sharifa. Alikuwa mjane mwenye heshima zake, mtu ambaye hata mwenyekiti wa kijiji alikuwa anashusha sauti mbele yake. Mikorosho yake ilikuwa safi chini kama sebule. Alinipokea vizuri mno. Alinipa chumba cha mwanawe aliye Dar, akanichinjia kuku siku ya kwanza, akaniuliza habari za kwetu hadi za marehemu. Jambo moja tu hakuniuliza: ni nini kilichomo kwenye magunia.

Upande wa pili wa mteremko alikuwa anaishi Masanja, mfugaji aliyetoka kanda ya ziwa na mke, watoto na mama yake mzazi. Alikuwa na miaka miwili pale. Hakuna aliyemsema vibaya mbele yake, lakini nyuma yake kila kilichoharibika kilikuwa na kwato. Mpunga ukikanyagwa, ng'ombe wa Masanja. Ndoo ikipotea kisimani, nayo karibu isingiziwe ng'ombe.

Nilipanda siku tatu. Masanja mwenyewe alikuja kunisaidia kuchimba mtaro, na mama yake akaja akiegemea fimbo. Aliposhika bua la mafunjo uso ulimfunguka. "Haya ya kwetu," akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha kuhesabu. "Ziwani, mengi. Yanashika." Akakunja vidole kama mtu anayekamata kitambaa. Akanionyesha kwamba nimepanda mbali mbali mno, nipande kwa kubana, mstari wa pili uzibe nafasi za wa kwanza. Mimi, mtaalamu wa chuo, nikang'oa nikapanda upya. Alikuwa sahihi kabisa.

Siku ya nne asubuhi niliamshwa na kelele. Nilipofika chemchemini watu walikwishajaa. Mstari wangu wote wa juu ulikuwa umeng'olewa.

"Ng'ombe!" alikuwa anasema kijana mmoja mwenye fimbo. "Si tulisema? Wamekula yote."

"Leo aondoke," akasema mwingine. "Aondoke na wanawe na ng'ombe wake. Tumechoka."

Mwenyekiti akasema kikao kitakaa saa nne pale shuleni. Masanja alikuwa amesimama ng'ambo ya maji, mikono imening'inia. Mama yake ameketi chini. Mke alikuwa ameshaanza kurudi nyumbani mbio, na ilionekana wazi kwamba anakwenda kufunga mizigo. Kwa namna vijana walivyoshika zile fimbo, hata mimi ningefunga.

Watu walipotawanyika nilibaki nikatazama kazi yangu. Mimi nimeona ng'ombe wakila bustani. Ng'ombe anakata juu, anaacha kisiki, anakanyaga, na anaacha na barua yake ya kinyesi. Hapa palikuwa hamna kinyesi. Mimea ilikuwa imeng'olewa na shina lake, udongo umekung'utwa, kisha imelundikwa malundo manne, mizizi juu, ielekee jua ikauke. Ilikuwa kazi safi. Ilikuwa kazi ya mtu aliyelelewa kama nilivyolelewa mimi.

Nikarudi kwa Bi Sharifa. Alikuwa ameshaandaa chai na mihogo. Aliponisogezea kikombe niliona vidole vyake. Vilikuwa na mikato midogo midogo, myekundu, kama mtu aliyechezea wembe. Nyuma ya mlango jembe lake lilikuwa limeegemezwa, udongo wa chemchemi bado mbichi juu yake.

Sijawahi kunywa chai ngumu kama ile. Nilikuwa nimelala kwake siku tatu. Nimekula kuku wake. Kumtaja mbele ya kijiji ni kumvua nguo mzee aliyenipokea. Kunyamaza ni kumwacha Masanja afukuzwe na mama yake asiyeweza kutembea mbali. Nilitafuna muhogo muda mrefu kuliko muhogo unavyohitaji.

Mwishowe nikasema, "Bi mkubwa, chumvi haikuumi vidole?"

Akaacha kumimina. Kisha akamalizia kumimina, taratibu, hadi kikombe kikajaa.

"Inauma," akasema.

"Ulipozing'oa, uliona kokwa?"

Akafikiri. Nilipenda kwamba alifikiri kweli. "Nilitafuta," akasema. "Sikuona hata moja. Hilo limenisumbua tangu alfajiri. Nikajiuliza, ndago gani hii isiyozaa chini?"

"Ndiyo hivyo. Haina. Haiwezi kwenda shambani kwako hata ikitaka."

"Sasa mbona hukusema?"

"Mbona hukuuliza?"

"Mgeni haulizwi amebeba nini," akasema, na hapo hasira ikamwingia kidogo. "Mwanangu, nimepigana na ndago tangu sijaolewa. Ninaona mtu ametoka Nachingwea na magunia mawili anazipanda juu ya maji tunayokunywa, ananyweshea kabisa. Ningelala? Nikasema huyu mtoto kasoma akapitiliza. Nikaamka, nikaokoa kijiji."

"Na Masanja?"

Akatazama nje.

"Mimi sikusema ni ng'ombe," akasema baadaye.

"Hukusema si ng'ombe."

Nilimwambia kwamba mimi sitamtaja. Nilimwambia pia kwamba kama kikao kikifika mahali pa kumfukuza yule mtu, sijui kama mdomo wangu utanisikiliza. Akaondoka kwenda chumbani. Nikadhani nimeharibu, nitalala kwa mwenyekiti. Akatoka amevaa khanga mpya, zile za sikukuu, na mkononi ameshika moja ya ndago zangu.

Kikaoni wanaume walizungumza kwanza, kama kawaida, kwa kirefu. Kijana wa fimbo alisema mengi kuhusu kwato. Masanja alipopewa nafasi alisema neno moja, "Ng'ombe zangu zililala zizini," na wengine wakacheka. Mwenyekiti alikuwa anajikohoza ili atoe uamuzi ndipo Bi Sharifa akainuka.

"Nina swali," akasema. "Ng'ombe wa Masanja wanajua kulundika?"

Mwenyekiti akaacha kujikohoza.

"Nauliza kwa sababu malundo yalikuwa manne, na mizizi ilitazama juu. Mimi binti zangu nimewafundisha miaka mitatu kulundika hivyo, na mmoja hadi leo hajui. Kama ng'ombe wa Masanja wanajua, basi nawaomba niwaazime waje wanipalilie mikorosho."

Kicheko kikaanza nyuma, upande wa kina mama. Mwenyekiti akasema, "Bi Sharifa, unajua aliyefanya?"

"Namjua tangu azaliwe. Ni mimi."

Kicheko kikakatika. Akainua ile ndago, akaeleza yote bila kujipunguzia: alivyoamka, alivyong'oa, alivyonyamaza walipomtaja mwenzake. Kisha akamgeukia Masanja na mama yake. Sauti yake, ambayo sikuwahi kuisikia ikishuka, ilishuka. "Nilikaa kimya asubuhi nzima nikijua. Hilo ndilo kosa. Kung'oa ndago si kosa, mtu yeyote mwenye akili angeng'oa. Mnisamehe."

Masanja aliinamisha kichwa. Ni mama yake aliyejibu. Alinyanyuka na fimbo yake, akavuka uwanja ule wote, taratibu, watu wakimpisha, akamfikia Bi Sharifa akamshika vile vidole akavigeuza geuza.

"Paka mafuta," akasema.

Kijana wa fimbo aliangalia fimbo yake kana kwamba amepewa na mtu mwingine. Nilimwona baadaye mchana analeta maji ya kumwagilia, akiwa amekasirika, lakini ndoo zimejaa.

Tulipanda upya siku hiyo hiyo, maana mimea iliyolala juani asubuhi moja bado inaokoleka ikiloweshwa. Bi Sharifa alipanda mstari wa juu. Mama Masanja alikaa kwenye jiwe akielekeza kwa fimbo, "Bana! Bana!" na tangu hapo kila asubuhi Bi Sharifa alimsalimu kwa Kisukuma "Mwangaluka," akiliharibu neno vibaya, na yule mama alimjibu "Shikamoo" ingawa walikuwa rika moja. Masanja alichimba birika la kunyweshea ng'ombe kule chini, maji yanakoteremkia, ili wasipande tena hadi kwenye jicho la chemchemi.

Msidhani mambo yakanyooka hapo hapo. Masika ya kwanza ilisomba nusu ya mstari wa chini. Nilirudi na gunia jingine. Mwaka wa pili ng'ombe wawili waliingia kweli, wakala kweli, na Masanja akaja mwenyewe kusema kabla hajaulizwa, na kazi ya kufidia akaifanya kwa mikono yake. Mwaka wa tatu maji yalianza kuchotwa meupe hata siku ya mvua. Mstari wa juu ulikuwa umefika kifuani kwa mtu, umeshikana kama ukuta, na wakati wa kiangazi ulionekana kijani kutoka barabarani.

Mwaka huu, kabla sijakabidhi ofisi, nilikwenda Malolo kuaga. Siku hiyo walikuwa wamekuja wageni wa mambo ya maji, watu watatu wenye buti na simu kubwa, wanapiga picha chemchemi. Bi Sharifa na Mama Masanja walikuwa wameketi kwenye jiwe lile lile, wameenea kama wenye shamba. Nilisimama nyuma ya watu nikasikiliza.

"Mimi ndiye niliyepanda," Bi Sharifa alikuwa anasema. "Huyu mwenzangu alinisaidia kubana. Siri ni kubana. Na muangalie chini, kama haina kokwa ni salama. Hilo nimeligundua mimi."

Mmoja wa wageni alikuwa anaandika. Akaniona nimesimama na kisu changu mkononi, akauliza, "Na huyu mama ni nani?"

Bi Sharifa akageuka. Alinitazama juu hadi chini, macho yakicheka, uso haucheki.

"Huyo? Huyo mgeni wangu kutoka Nachingwea," akasema. "Huwa anakuja kula."